Kioo Huandikwa kwa Nyuma

Leo asubuhi nimeandika namba ya gari
kwenye vioo sita vya Noah moja ya Majengo.
Elfu kumi na mbili. Mteja hakushuka.
Hiyo ndiyo kazi iliyobaki hapa Moshi, na siikatai,
inalipa pango, inalipa na luku.

Lakini kioo huandikwa kwa nyuma
ndipo kisomeke kwa mbele.
Basi niacheni nianzie huku mwishoni
nirudi kinyumenyume hadi mlangoni.

Kabla ya namba yalikuwa majina ya maharusi,
bilauri mbilimbili za sendofu,
ua la kahawa likipanda toka kitakoni.
Moja ilirudi. Iliambatana na mama wa Kiboriloni:
“Nifutie jina la huyu.”
Baba akamwambia, mama, kioo hakina kifutio,
naweza kuongeza tu.
Akachora majani ya isale, yale ya kuombea msamaha,
jani juu ya jani juu ya jani,
mpaka mwanamume yule akawa kichaka.
Mama alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Kabla ya hapo, miaka ya vita.
Kioo hakikuingia nchini, na sabuni pia.
Chupa za bia tulizikata shingo
kwa uzi uliolowa mafuta ya taa,
moto, kisha maji baridi, tak!
Wakubwa wa wilaya walinywea humo
na hawakuuliza.
Mabomba yalikauka mwaka ule.
“Jiwe linywe kwanza,” Baba alizoea kusema,
na mimi ndiye niliyeshika kopo la Kimbo lenye tundu,
tone, tone, juu ya jiwe linalozunguka.
Mwaka ule alisaga kavu.
Nyusi zake zikawa nyeupe kama za mpiga sembe.

Kifua kilikuja kudai baadaye sana.
Daktari wa KCMC aliinua picha dirishani
na Baba akaitazama kwa jicho la kazi,
ile mikwaruzo myembamba kila pafu:
“Aliyechora hapa,” akasema, “ana mkono mwepesi.”

Nimeruka mambo. Nimempita Mistri Vallabh
aliyefunga duka mwaka wa sabini na moja
akiwa na deni la mishahara ya miezi saba.
Hakuwa na fedha. Alimpa Baba mguu wa cherehani
uliozungusha jiwe, na visahani vya shaba kumi na tisa
vilivyofungwa kwenye kitambaa cha mkewe.
Vimebaki kumi na vinane.
Cha kumi na tisa nilikimeza nikiwa na miaka mitatu,
husema Mama. Baba alikisubiri siku mbili
halafu akachoka kusubiri.

Sasa mlango.
Aliuchonga mwaka aliozaliwa Elirehema,
herufi za upana wa kiganja:
KIWELU NA MWANAWE.
Elirehema yuko Mererani, anafukuza jiwe la buluu.
Hutuma salamu, mara nyingine hutuma vocha.

Mimi nilijifunzia kusoma humu ndani, na kopo mkononi,
kwa hiyo maneno yangu ya kwanza yalikuwa
EWANAWM AN ULEWIK,
na mwalimu wa darasa la kwanza alinichapa
kwa E iliyogeukia ukutani.

Wiki iliyofuata mazishi, mwenye nyumba
alitaka mlango wa bati, wa kisasa, usiovunjika.
Nikatoka nje na bisibisi.
Nikasimama pale wanaposimama wateja.
Miaka yote ile sikuwahi kuusoma kutoka barabarani
kwa kituo, kama mtu asiyetumwa popote.

Mwanawe.
Haikuandikwa yupi.
Haikuandikwa wa kiume.
Hata kama Baba alikusudia, lugha ilikataa kumsaidia.

Skurubu mbili nilikuwa nimeshazilegeza.
Nilizikaza, nikarudi ndani
kulinywesha jiwe.